Nguzo ya zege na ukuta wa mawe: jinsi ya kuvifunga visiachane

Kila mvua za masika zikiisha, napokea picha zilezile. Ufa mwembamba umeanzia kwenye linta, ile boriti ya juu ya mlango au dirisha, umeshuka wima kandokando ya nguzo, umefika sakafuni. Picha zinatoka Kiamunyi na Njoro, zinatoka Mamboleo kule Kisumu, nyingine Kakamega. Mwenye nyumba anauliza azibe na plasta gani.

Plasta haina kosa. Nguzo ilisimamishwa peke yake, ukuta ukajengwa hadi ukaigusa, na katikati hapakuwekwa chochote ila mota. Udongo ukivimba kidogo au ukishuka kidogo, kila kimoja kinakwenda njia yake. Kuongeza unene wa nguzo hakusaidii hapo. Kinachosaidia ni kifungo.

Mwongozo huu ni wa nyumba isiyo na ghorofa, ukuta wa inchi 9 na nguzo ya milimita 225 kwa 225. Kama juu kutakuwa na slabu, usiufuate. Nguzo za ghorofa huchorwa na mhandisi kwa hesabu, na huko fremu ya zege hutangulia ukuta. Hata kwa nyumba ya chini, ramani ipite kaunti kabla ya jembe kugusa ardhi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya kwanza

- Simiti ya 42.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa mfukoni) kwa bezi, yaani kitako cha zege chini ya nguzo, kwa nguzo zenyewe na kwa ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Ya 32.5 inatosha kujengea mawe na kupiga plasta.
- Mchanga wa mto, msafi.
- Kokoto isiyozidi milimita 20.
- Vyuma vya D12 (unene wa milimita 12), vinne kwa kila nguzo, pamoja na vya matundu ya bezi, ule wavu wa vyuma unaolala ndani ya bezi. D8 kwa ajili ya ringi, vyuma vya mraba vinavyozunguka vile vinne. Waya wa kufungia.
- Biskuti za simiti: za unene wa milimita 50 kwa bezi, za milimita 30 kwa nguzo. Zitengeneze wiki moja mapema ili zikomae.
- Hupu ayani, ule mkanda mwembamba wa chuma unaouzwa kwa mkunjo.
- Mbao za inchi 1 za boksi, umbo la mbao linalomwagiwa zege, mbao za 2 kwa 2 za kukazia, misumari, mafuta ya kupaka ndani ya boksi.
- Timazi, pima maji, uzi, tepu, karai, mabeleshi, mwiko, nyundo, na kipande cha D16 cha kushindilia.
- Magunia ya kufunika, na maji ya kutosha wiki nzima.
- Boksi la kipimo. Ndani liwe sentimita 30 kwa 30, kimo sentimita 39. Likijaa bila kilima, limebeba ujazo wa mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50.

Hilo la mwisho mafundi wengi hulicheka. Toroli moja hujazwa kwa kilima, nyingine hujazwa nusu, na nguzo mbili za nyumba moja zinatoka na nguvu tofauti. Litengeneze.

Kuhusu maji: yawe ya kunywa. Maji ya Ziwa Nakuru na Elmenteita yana magadi na chumvi, na chumvi hula chuma ndani ya zege.

## Ukuta wako ni wa nini?

Mawe ya kuchongwa. Hapa Nakuru ndiyo ukuta wa kawaida, jiwe la volkano lililokatwa kwa mashine au kwa mkono. Ligonge kwa nyundo. Linalolia ni zima. Linalotoa sauti ya kufa lina ufa ndani. Mawe yaliyotoka chimboni jana yamejaa unyevu na husinyaa yakikauka, kwa hiyo yaache uwanjani yapumue. Siku ya kujenga, yanyunyizie maji. Jiwe hili lina vitundu vidogo, na likiwa kavu hunyonya maji ya mota kabla simiti haijashika.

Matofali ya kuchoma. Magharibi ndiko kwake: Kakamega, Vihiga, Bungoma, Kisii. Tofali la katikati ya tanuru huwa limeiva, la pembeni mara nyingi halijaiva. Gonganisha mawili yalie. Loweka moja usiku kucha. Likianza kumung'unyika asubuhi, lirudishe. Yanayofaa yaloweke kabla ya kujenga.

Bloku za simiti. Hizi usiziloweke. Bloku iliyolowa husinyaa ikiwa tayari ukutani, na ufa unafuata viungo kama ngazi. Zifunike zisinyeshewe.

Bloku za udongo na simiti za kufungamana. Ni nzuri na za bei nafuu, ila zinataka msingi ulionyooka kuliko ukuta wowote mwingine. Hatua za hapa chini ni za mawe. Kwa matofali na bloku za simiti zinabadilika kidogo tu. Kwa hizi za kufungamana, chuma hupita ndani ya matundu yake, na hiyo ni kazi nyingine.

## Na nguzo je?

Pila ya mawe au matofali bila chuma inabeba vizuri mzigo unaoshuka wima. Ikisukumwa kando, inavunjika. Paa jepesi la veranda inaliweza, tena kwa matofali iwe angalau tofali moja na nusu kila upande. Lango haliwezi kabisa. Lango zito huvuta nguzo kila linapofunguliwa, kwa hiyo nguzo ya lango iwe ya zege lenye vyuma, hata kama utaivika mawe kwa nje.

Nguzo ya mti uliotiwa dawa inapendeza kwenye veranda. Usiizike. Isimamishe juu ya kitako cha zege kwa kiatu cha chuma, mchwa wasiifikie.

Zilizobaki, za kona, za kando ya milango mipana na za makutano ya kuta, ndizo tunazojenga sasa.

## Hatua ya 1: Jua unasimama juu ya nini

Piga kona kwa 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, mshazari 5. Ukipata 5 kamili, kona ni mraba. Kisha chimba.

Kisumu, hasa kuelekea uwanda wa Kano, utakuta udongo mweusi. Huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka, na unaweza kuinua bezi iliyokaa vibaya. Chimba uupite hadi kwenye ardhi ngumu. Ndani ya vyumba uondoe wote pia, ujaze murram kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa. Nimeona nyumba yenye bezi nzuri kabisa ikaharibika kwa sababu udongo mweusi uliachwa chini ya sakafu, ukavimba na kusukuma kuta kutoka ndani.

Nakuru shida ni nyingine. Udongo wa majivu ya volkano huonekana mgumu ukiwa mkavu, kisha maji yakipita chini yake hubebwa. Kuna mitaa ambako mvua kubwa hufungua nyufa za ardhi zenye urefu wa kutisha. Uliza majirani wa miaka mingi kama kuna ufa uliowahi kupita hapo, na uliza pia ulifukiwa wapi. Kama ulipita kiwanjani kwako, simama. Mpate mhandisi wa udongo kabla ya kumwaga mfuko hata mmoja.

*Umefaulu ikiwa* chuma cha D12 ukikisukuma kwa mikono chini ya shimo hakizami, na mashimo yote yamefika kwenye ardhi ya aina moja. Nguzo moja juu ya mwamba na nyingine juu ya udongo ni ufa unaosubiri siku yake.

## Hatua ya 2: Bezi na vyuma vya kuanzia

Mwaga zege hafifu la sentimita 5 chini ya shimo, 1:4:8 (simiti, mchanga, kokoto), ili vyuma visikae kwenye tope. Juu yake weka matundu ya D12 kila sentimita 15 pande zote mbili, yakikalia biskuti za milimita 50. Kwa nyumba ya chini kwenye ardhi ngumu, bezi ya sentimita 90 kwa 90, unene 25, ndiyo ninayoizoea. Ardhi ikiwa dhaifu, mhandisi ataipanua.

Vyuma vinne vya nguzo visimame ndani ya bezi kabla ya kumwaga, miguu yao imekunjwa sentimita 30 na kufungwa kwenye matundu. Nimewahi kuona fundi akivichomeka baada ya zege kumwagwa. Vikishachomekwa hivyo, hakuna kilichovishika chini.

Hakikisha vimetokeza juu ya usawa wa sakafu kwa sentimita 60 au zaidi. Hapo ndipo chuma cha juu kitapishana na cha chini, na D12 inataka mara 50 ya unene wake, yaani sentimita 60. Mpishano wa sentimita 20 nimeupata kwenye nyumba nyingi mno.

*Umefaulu ikiwa* timazi ikishushwa kutoka kwenye uzi wa ukuta inaangukia katikati ya vyuma vinne. Chuma kikikosa mahali pake sasa, kinarekebishika kwa dakika tano. Kesho hakirekebishiki.

## Hatua ya 3: Suka kizimba cha vyuma vya nguzo

Kata ringi za D8 sentimita 82 hivi. Zikikunjwa zitatoa mraba wa milimita 165, zikiacha milimita 30 za zege kila upande. Ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya kizimba, sentimita 8 kila moja, zisiishie kwenye kona tu. Ringi yenye ncha fupi hufunguka nguzo inapoelemewa.

Zipange kila sentimita 20 katikati ya nguzo. Kwenye nusu mita ya chini na nusu mita ya juu, kila sentimita 15 au chini zaidi. Nguzo huvunjikia kichwani na miguuni, mara chache katikati.

Tuko ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilipiga si mbali na mji huu, na jengo lisilo na ringi za kutosha ndilo la kwanza kuachia.

## Hatua ya 4: Jenga ukuta kwanza, uachie meno

Hapa ndipo wengi wanaponiandikia wamekosea, basi nisome taratibu.

Kwa nyumba ya chini, usimwage nguzo kwanza. Simamisha kizimba, kisha jenga ukuta pande zake, ukiacha nafasi ya nguzo. Kozi moja, yaani safu moja ya mawe, ikaribie, inayofuata irudi nyuma sentimita 5, hivyo hivyo hadi juu. Ukuta unabaki na meno. Zege likimwagwa linaingia kwenye meno yale, na nguzo na ukuta vinakamatana kama vidole vya mikono miwili.

Kila kozi ya pili laza hupu ayani ndani ya mota. Iingie ukutani sentimita 60, na ncha ya pili izunguke chuma cha nguzo. Isikae juu juu ya jiwe. Ifunikwe na mota chini na juu, la sivyo itashika kutu.

Mota iwe simiti 1 kwa mchanga 4. Chini ya nailoni ya kuzuia unyevu, 1 kwa 3. Kiungo kiwe milimita 10 hadi 15. Itumie ndani ya dakika 60, na kwa jua la Kisumu hata kabla ya hapo. Mota iliyoanza kukaza ikiongezwa maji inalainika, lakini nguvu zake hazirudi. Fundi akikwambia, “Mama, hii itashikana tu,” mwambie kwa upole amwage.

Kiungo cha wima kisiwe juu ya kiungo cha wima. Jiwe la juu lipite lile la chini kwa nusu, au angalau robo ya urefu wake.

Simama ukifika mita 1.2. Usipandishe zaidi siku hiyo.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kuhesabu meno pande zote mbili za kizimba, na hupu ayani zinaonekana zikikumbatia chuma. Piga picha kabla ya boksi kufungwa. Mwenye nyumba aliye mbali, hii ndiyo picha ya kudai kwa fundi, kabla ya picha ya plasta.

## Hatua ya 5: Boksi

Ukuta tayari ni boksi la upande mmoja au mbili. Zilizobaki zifunge kwa mbao, zikazwe kwa 2 kwa 2 kila sentimita 50. Zipake mafuta kabla ya kuzisimamisha, yasiguse vyuma. Weka biskuti za milimita 30 kwenye ringi pande zote zilizo wazi.

Ziba nyufa za mbao kwa karatasi ya mifuko ya simiti. Maji yakivuja, yanabeba simiti, na unabaki na kokoto tupu.

Safisha ndani. Vumbi la mbao na mota iliyoanguka hukusanyika miguuni pa nguzo, mahali palepale penye mzigo mkubwa. Acha kidirisha chini, toa takataka, mwagia maji, kisha kifunge.

## Hatua ya 6: Zege, na vita vya maji

Kwanza pima mchanga. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo hadi theluthi, jaza maji hadi karibu juu, ongeza chumvi kidogo, tikisa, uache saa tatu. Tope litakaa juu. Kwa mchanga wenye kimo cha sentimita 10, tope lisizidi milimita 8. Likizidi, uoshe au urudishe lori.

Kipimo cha nguzo: simiti mfuko 1, mchanga boksi 1 na nusu, kokoto maboksi 3. Mfuko mmoja na robo hivi unatosha nguzo ya mita 2.7 pamoja na meno yake.

Maji ni lita 25 kwa mfuko. Yaani mtungi wa lita 20 na robo yake. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza. Kibarua ataomba maji zaidi kwa sababu zege laini linabebeka kirahisi kwenye karai, nami namwelewa, kazi ile inavunja mgongo. Lakini maji ya ziada hukauka yakaacha vitundu, na kila kitundu ni nguvu iliyopotea. Unatafuta zege la mfano wa ugali mlaini. Likimiminika kama uji, limeharibika.

Changanya vikavu mara tatu hadi rangi iwe moja, ndipo maji.

Mwaga kwa tabaka za sentimita 30 hadi 40. Kila tabaka lishindiliwe kwa D16 mara 25, chuma kikiingia kidogo kwenye tabaka la chini, huku mwenzako akigonga boksi kwa nje. Kumwaga kutoka juu sana hutenganisha kokoto na simiti. Kwa kuwa umesimama mita 1.2, shida hiyo huna.

*Umefaulu ikiwa* mapovu yameacha kutoka na uso unang'aa kidogo bila maji kusimama juu yake.

## Hatua ya 7: Unganisha na sehemu ya juu

Kesho yake kwaruza uso wa zege kwa patasi hadi kokoto zionekane, fagia, lowesha, paka uji wa simiti. Jenga mita nyingine 1.2 yenye meno na hupu ayani, funga boksi, mwaga. Uso uliolala laini usiokwaruzwa haushiki zege jipya.

## Hatua ya 8: Fungua boksi, nywesha

Kisumu boksi la nguzo hufunguliwa baada ya saa 24. Nakuru na Molo usiku una baridi, na baridi huchelewesha simiti, kwa hiyo ngoja siku 2.

Ukifungua, tazama. Uso wenye mashimo kama sega la asali ni dalili kwamba hukushindilia. Kama ni ya juu juu, chokoa zege lote legevu, lowesha, jaza mota ya 1 kwa 3 siku hiyohiyo. Kama unaona chuma, au kokoto zinatoka kwa kidole, ivunje sehemu hiyo urudie. Inauma, najua. Usikubali ifichwe kwa plasta.

Funga magunia, yaloweshe asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Simiti haikauki ndipo iwe ngumu; inakuwa ngumu kwa kunywa maji.

*Umefaulu ikiwa* msumari haukwaruzi kona, nyundo inalia, na timazi haijapotoka zaidi ya milimita 5 kutoka juu hadi chini.

## Hatua ya 9: Ringi bimu

Vyuma vya nguzo vikunjwe kuingia ndani ya ringi bimu, sentimita 60, na bimu izunguke nyumba yote bila kukatika. Nguzo iliyofungwa chini na ukutani lakini haijafungwa kichwani bado inaweza kuyumba. Mbao za pembeni zifunguliwe baada ya siku 2. Zile za chini, juu ya milango na madirisha, zibaki na propu zake, nguzo za muda za kuegemeza, siku 14. Paa lisubiri hadi hapo.

## Kama nyumba imeshajengwa na ufa umetoka

Bandika mota ndogo ya kiganja juu ya ufa, sehemu tatu, na uandike tarehe kila moja. Ngoja miezi mitatu, msimu wa mvua ukiwemo.

Zikipasuka, msingi unatembea. Ita mhandisi, maana kuziba ni kutupa pesa. Angalia pia maji ya paa yanamwagika wapi. Mara nyingi gata iliyokosekana ndiyo inayolowesha bezi ya kona hiyo.

Zikibaki nzima, shona. Ondoa plasta. Kila kozi ya pili chimba kiungo cha mlalo, kina sentimita 4, kuanzia usoni pa nguzo hadi sentimita 60 ndani ya ukuta. Kwenye nguzo toboa tundu la sentimita 10 kwa drili, ukikwepa vyuma. Puliza vumbi, lowesha ukuta, laza D8 kwenye mota ya 1 kwa 3, na ile ncha ya nguzoni ishikwe kwa gundi ya epoksi kwenye tundu kavu. Jaza, nywesha siku 7, kisha bandika wavu wa kuku juu ya mstari wote wa nguzo na ukuta, sentimita 15 kila upande, ndipo upige plasta.

Kazi hiyo kwa nguzo moja humchukua fundi na kibarua siku mbili. Hupu ayani za nguzo hiyohiyo, wakati wa kujenga, zingechukua dakika 20.